Sauti ya Akwi kwenye Njia ya Kinamasi

Jua la saa tano lilikuwa limekwisha kuwafukuza kuku chini ya ghala, na Akwi alikuwa akipalilia karanga, alipowasikia Wamama wa Alhamisi wakija kwa wimbo kutoka upande wa kanisa. Hakuinua kichwa. Siku hiyo ilikuwa Jumanne, na wamama wenyewe walikuwa makwao, kila mmoja shambani kwake.

Wimbo ulikuwa ule wa kusindikiza, ambao kikundi hakikuuimba popote ila njiani kwenda msibani: *Tangulia, tuko nyuma yako.* Ulipita kati ya shamba lake na ua wa mkonge, karibu kiasi cha kumgusa mtu, na vumbi la njia halikutikisika.

Alisikiliza jinsi mchungaji anavyosikiliza ng'ombe wakirudi zizini, si kundi bali mmoja mmoja. Ariokot alikuwapo, akiburuta mwisho wa kila mstari kama anayevuta gogo. Among alikuwapo, sauti yake nyembamba ikielea juu ya nyingine zote. Taaka alikuwapo, na kikohozi chake mahali pake palepale, kati ya ubeti na ubeti. Aliwapitia wote, kisha akaanza upya. Hakuna aliyepungua. Ndipo alipotambua kwamba mistari ilikuwa ikianza bila mtu wa kuitoa. Aliyepungua alikuwa yeye.

Wimbo uliteremka kuelekea kinamasi, ukakoma kwenye daraja la magogo. Akwi alitazama chini. Karanga alizozing'oa badala ya magugu zilikuwa zimelala miguuni pake, mizizi juu.

Watu wa kijiji chake, Sikuda, hawakumhesabu Akwi kuwa mtu wa mambo ya ajabu. Alizaliwa chini ya vilima vya Osukuru kabla reli haijafika Tororo. Aliolewa na Elungat, mwanamume mpole aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba na ambaye alirudi nyumbani kila jioni na nyuzi nyeupe kwenye nyusi. Alizaa, akazika, akabakiwa na binti mmoja, Maggie. Siku aliyobatizwa aliacha kutengeneza pombe ya ulezi, na Elungat aliuombolezea ule mtungi kuliko alivyowaombolezea baadhi ya jamaa zake. Kwa mengine yote nyumba yao ilikuwa kama nyumba nyingine za pale: kodi, pamba, karanga, Jumapili.

Jambo moja tu lilimtofautisha na wenzake, nalo lilikuwa sauti. Haikuwa tamu. Ilikuwa pana na nzito, ya kukalia, na akianza mstari, mtu asiyejua kuimba alijikuta anaweza. Ndiyo sababu wamama walimfanya mwanzishaji wa nyimbo tangu kikundi kilipoundwa.

Kikundi kiliundwa mwaka uliofuata ule wa nzige. Mke wa katekista aliwakusanya wanawake wachache wakamlimie mjane ambaye shamba lake lilibaki vijiti vitupu, na kazi ilipokwisha hakuna aliyetaka kurudi nyumbani. Wakakutana tena Alhamisi iliyofuata, na nyingine. Walisiriba sakafu ya kanisa kwa samadi na udongo, wakasali, kisha wakaenda palipokuwa na haja: kuni kwa mzazi, maji kwa mgonjwa, jembe kwa aliyevunjika mguu. Palipotokea kifo walifunga vitambaa vyeupe kichwani, wakabeba unga, wakaenda kwa mstari mmoja wakiimba. Walikuwamo Wateso na Wasamia, na kila mmoja aliimba kwa matamshi ya kwao. Kanuni zao zilikuwa chache. Iliyoshikwa kuliko zote ni kwamba mfiwa haimbi. Mwanakikundi akipatwa na msiba kazi yake ni kukaa chini; kuimba ni kazi ya wenzake. Mfiwa akiimba, walisema, amemfukuza marehemu mlangoni.

Kwa sababu ya kanuni hiyo Akwi aliweza kujua. Mara ya kwanza aliposikia wimbo ukipita bila watu alidhani ni mwangwi wa Alhamisi iliyopita. Sauti ya mwanamke fulani wa karibu na shule haikuwemo, naye hakulitilia maanani. Siku mbili baadaye kikundi kilipita njia ile kwa miguu ya kweli, na mwanamke yule alikuwa amekaa chini nyumbani kwake mbele ya mwanawe aliyefunikwa shuka. Baadaye ikatokea tena, na tena. Wimbo haukutangulia kifo kwa zaidi ya siku chache, na haukukosea. Yule aliyepungua sauti ndiye aliyefiwa.

Alijaribu kulitumia jambo hilo kwa wema mara moja tu. Wakati wa vita alisikia wimbo umepita bila Among. Akajaza unga kikapuni, akaweka kuni juu yake, akaenda kwa Among asubuhi ile ile ili msiba usimkute na nyumba tupu. Mumewe Among, Ikiring, alikuwa amekaa mlangoni akisuka kiti, mzima kabisa.

"Mama Maggie," alisema Ikiring, "unga huo wa nini? Mmesikia nina wageni?"

Akwi aliweka kikapu chini, akasema salamu, akaondoka. Wiki haikuisha, Ikiring akafa kwa homa. Among alipika unga ule ule kwenye matanga kwa kuwa haukuwako mwingine, na alipokuwa akiusonga alikuwa amekwisha kuelewa kwamba uliletwa kabla ya wakati wake. Pale Sikuda husemwa kwamba kutangulia matanga ni kuyaita. Among hakumshtaki mtu. Aliendelea kuimba nyuma ya Akwi kila Alhamisi, ila tangu siku ile hakula tena chakula kilichopita mikononi mwake.

Akwi akajifunza kunyamaza. Aliusikia wimbo, akajua ni nani, akaendelea kupalilia.

Jumanne ile, jambo la kwanza lililomjia lilikuwa nafuu. Ni mimi, alijiambia; maiti naye haimbi. Aliingia ndani, akatoa kitambaa chake cheupe, akaanza kukifua ili wamzike nacho kikiwa safi. Elungat, aliyekuwa nyumbani siku hiyo kwa jino, alimtazama akiwa ameshika shavu.

"Kesho kutwa ndiyo Alhamisi. Unafua leo?"

"Nafua tu."

"Mwanamke hafui tu," alisema Elungat, akarudi kwenye jino lake.

Alikuwa akikikamua kitambaa alipokumbuka njia. Watu wa Elungat wamelala juu ya mteremko, nyuma ya zizi. Kama angekufa yeye, kikundi kingekunja kwenye ua wa mkonge na kupanda. Kisingepita shamba lake na kuteremka. Wimbo uliteremka. Ulikwenda darajani, na ng'ambo ya daraja, katika nyumba zote zilizoko mafunjo yanapoishia, palikuwa na mtu mmoja tu ambaye kifo chake kingemkalisha Akwi chini bila sauti.

Kitambaa kilimtoka mikononi kikaangukia tope.

Maggie alikuwa na mimba ya kwanza, mwezi wa mwisho. Mumewe, Matayo Wesonga, alikuwa Msamia mwenye baiskeli aliyechuuza samaki wakavu kati ya Busia na Tororo, kijana mcheshi, mwepesi wa kucheka kabla hujamaliza hadithi. Lakini kwa Wateso na kwa Wasamia vilevile, mama mkwe hakanyagi kizingiti cha mkwewe. Wakikutana njiani, mmoja huingia majanini. Akwi hakuweza kwenda kukaa na binti yake, wala kumshika mkwewe bega na kumwambia mpeleke mke wako Masafu kwenye zahanati leo hii. Angetuma ujumbe, ujumbe ungesema nini? Kwamba mama mkwe amesikia matanga? Aliukumbuka uso wa Ikiring juu ya kile kiti.

Jumatano alikwenda kwa Ariokot, mwenyekiti wa kikundi, mwanamke mnene mwenye kicheko kilichosikika kabla yake. Alimkuta akichagua maharagwe.

"Kesho nataka tukamlimie Maggie," alisema Akwi.

"Kesho ni ya yule mzee kipofu. Mwenyewe ulinyoosha mkono."

"Mzee atangoja. Na tukienda, nataka tuimbe wimbo wa kusindikiza. Mimi nitanyamaza."

Mikono ya Ariokot ilisimama juu ya ungo. "Wimbo wa maiti, kwa mwenye mimba? Mama Maggie, Matayo atatufukuza na panga, na mwili wangu huu ndio atakaoufikia kwanza."

"Mpaka darajani tu. Hatutavuka nao."

Ariokot alicheka, akangoja mwenzake acheke. Akwi hakucheka. Basi akaketi, akamweleza yote, kuanzia yule mwanamke wa karibu na shule. Alieleza kwa sauti ya mtu anayetaja bei za sokoni, na Ariokot alisikiliza huku akiokota maharagwe mabovu na kuyarudisha kwenye mazuri.

"Kwa hiyo," alisema mwishowe, "unataka tuuimbe uishe kabla haujafika wenyewe. Kama ulivyousikia. Njia ile, sauti zile, bila yako."

"Ndiyo."

"Jambo hili kanisani linaitwaje?"

"Sijui. Ndiyo maana nimekuja kwako, sikwenda kwa mchungaji."

"Nani ataongoza?"

"Among."

"Among hali hata ugali wako!"

"Ndiye mwenye sauti," alisema Akwi.

Alhamisi walikutana kama kawaida chini ya upenu wa kanisa, majembe yameegemezwa ukutani. Ariokot alitangaza kwamba wanakwenda kwa Maggie, kwamba koo la mama Maggie ni bovu, na kwamba kutakuwa na wimbo ambao hataki maswali juu yake. Wanawake walitazamana. Taaka, mkunga wao, mwanamke mkavu mwenye kikohozi cha miaka, aliuliza kama mwenyekiti naye anaumwa. Walicheka, kwa kuwa walimzoea Ariokot na vituko vyake.

Among hakucheka. Alimvuta Akwi nyuma ya kanisa, penye mtungi wa maji.

"Safari ile ulikuja kwangu na unga," alisema. "Leo ni nani?"

Akwi hakujaribu kujifanya haelewi. "Ni Maggie."

Njiwa walikuwa wakitembea juu ya nyasi za paa, na kucha zao zilisikika.

"Kwangu ulileta unga," alisema Among. "Kwa mwanao unaleta kikundi kizima."

"Wakati ule sikujua kwamba inawezekana. Hata sasa sijui."

"Ulijaribu?"

"Hapana."

Lilikuwa jibu la kweli, na wote wawili walilisikia likitua. Among alifunga kitambaa chake upya, akavuta fundo kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Nitaongoza," alisema. "Maggie hakunikosea kitu."

Alipoondoka, Akwi alichota maji kwa kata, akayajaza mdomoni, akafumba midomo. Alilijua koo lake. Lilikuwa limeanza mistari ile kwa miaka mingi mno. Lingeuanza wimbo lenyewe kabla yeye hajaamua. Mtu mwenye maji mdomoni hawezi kuimba hata kwa kusahau.

Walikwenda kwa mstari mmoja, Among mbele, Ariokot karibu na mwisho, Akwi nyuma ya wote na jembe begani. Walipofika penye ua wa mkonge Among alitoa wimbo. Ulianza kwa kusitasita, wanawake wakiona aibu kuuimba mchana mweupe bila maiti, kisha ukashika. Akwi alipita shamba lake la karanga akiwa ndani ya wimbo ambao siku zote aliusikia akiwa nje yake. Kila kitu kilikuwa kama Jumanne. Ariokot aliburuta. Taaka alikohoa mahali pake. Elungat, aliyekuwa amesimama kwenye ua na kitambaa shavuni, alivua kofia bila kujua anamvulia nani.

Njia iliteremka. Harufu ya matope ikawajia, halafu mafunjo, halafu magogo. Among alinyanyua mkono na wimbo ukakoma kama walivyoagizwa. Sauti moja tu ilichelewa. Ilimaliza mstari peke yake, *tuko nyuma yako*, taratibu, nzito, mpaka mwisho, kisha nayo ikanyamaza.

Wanawake waliangua kicheko. "Mama Maggie, koo limepona!"

Ariokot aligeuka akitabasamu. "Nilijua hutaweza. Umeimba njia nzima, umenipasua kisogo."

Akwi aliinama kando ya njia, akafungua midomo. Maji yalitoka, mengi, yakaendelea kutoka, yakachimba kishimo kidogo kwenye vumbi.

Tabasamu la Ariokot lilibaki usoni pake baada ya kukosa maana. Aliyatazama maji yakinywewa na ardhi. Aliitazama njia waliyotoka, iliyopanda moja kwa moja hadi kwenye karanga, nyeupe, bila mtu. Mbwa wa Akwi, aliyewafuata kutoka nyumbani, alikuwa amesimama katikati ya mteremko. Alikuwa akitikisa mkia, ameelekeza pua mahali pasipo na kitu.

"Vuka," Ariokot alimwambia kwa sauti ya chini. "Vuka upesi, na usiseme neno."

Walikuwa hawajamaliza kuvuka Matayo alipotokea mbio kwenye kona ya mafunjo, hana viatu. Alipomwona mama mkwe wake alisimama ghafla, akageuza uso, na maneno yake akayaambia mafunjo.

"Mama, samahani. Maggie hali yake si nzuri. Tangu alfajiri. Mtoto hatoki, na yeye sasa hanijibu. Wanaume wote wa hapa wamekwenda Busia kwenye mnada, nimezunguka nyumba zote, nimekuta wazee tu."

Akwi naye aliyajibu mafunjo. "Taaka anakuja," alisema. "Wote tunakuja."

Taaka alikuwa amekwisha kutupa jembe. Waliingia uani na kumwacha Akwi penye ghala, mwisho wa mahali alipoweza kufika, naye akasimama hapo akishika mguu wa ghala. Kutoka ndani hakusikia kilio. Yeye aliyesikia kila kitu alisikiliza kwa nguvu zake zote, na nyumba ilikuwa kimya kama mtungi. Kisha Taaka akatoka, mikono yake mbele yake.

"Hili si langu," alisema. "Ni la Masafu. Leteni kitanda."

Walimtoa Maggie kwenye kitanda cha kamba, wakakiinua mabegani, wanne wanne, wakipokezana kila bega lilipochoka. Majembe yao yalibaki yametapakaa uani. Matayo alitangulia na baiskeli kwenda kuwaamsha watu wa zahanati. Njia ya Masafu ina vilima vidogo vingi, na mzigo wa namna ile hauendi ila kwa wimbo, maana hatua zisipolingana mgonjwa hutikiswa.

"Anzisha, mama Maggie!" alipiga kelele mmoja chini ya kitanda. "Wowote! Anzisha!"

Akwi alikuwa ameshika mti wa kitanda upande wa kichwa. Aliutazama uso wa binti yake, wa rangi ya majivu, akavuta pumzi, akafungua mdomo. Ilitoka hewa. Alijaribu tena. Alihisi wimbo unapanda kifuani kama siku zote, ukafika pale unapogeuka kuwa sauti, na pale hapakuwa na kitu.

"Sina," alisema. Maneno yalikuwepo. "Imekwenda. Among!"

Among aliupokea bila kuuliza. Ulikuwa wimbo wa kupalilia, wa mzaha, juu ya mume mvivu na jembe lake jipya, na kwa huo waliufikisha mzigo wao Masafu.

Maggie alijifungulia barazani pa zahanati kabla hawajamfikisha ndani, mikononi mwa mkunga wa pale na Taaka kwa pamoja, wakigombana. Alikuwa mtoto wa kike. Mama mtu alipoteza damu nyingi, na kwa siku kadhaa hakuna aliyetaka kusema lolote kwa uhakika. Kisha asubuhi moja akaomba uji, na alipoupata akalalamika kwamba hauna sukari. Taaka alitembea njia yote hadi Sikuda kumletea Akwi lalamiko hilo.

Kijijini ilisemwa kwamba Mungu aliwapeleka wamama ng'ambo siku ambayo wanaume hawakuwepo, na huo ni ukweli ambao hakuna aliyeupinga. Mchungaji aliutaja kwenye mahubiri. Ariokot aliitikia amina kwa nguvu kuliko wote, kisha akatazama sakafu.

Jumapili hiyo Akwi alisimama kuanzisha wimbo, kwa mazoea tu. Kanisa lilingoja. Aliketi tena. Wengine walisema ni hofu ya siku ile, wengine walimshauri tangawizi. Aliongea kama kawaida, aliita mbuzi, aligombana na wauza samaki, lakini hakuimba tena hata neno moja mpaka alipokufa. Among alichukua nafasi yake mbele ya mstari.

Siku moja wakati wa mavuno Among alifika kwa Akwi, akakaa kwenye mkeka, akasema anataka ugali. Akwi alisonga, akatenga, akabaki amesimama.

"Sasa tumesameheana?" aliuliza.

Among alimega tonge, akalitazama. "Hapana," alisema. "Lakini nina njaa." Akala yote.

Njia nayo ilinyamaza. Akwi alipalilia karanga zake saa ile ile mwaka baada ya mwaka na hakusikia chochote ila njiwa. Watu walikufa, kikundi kilipita, naye hakuwahi kujua kabla ya wengine. Mwanzoni aliona ni pumziko. Baadaye, Maggie alipokuja na watoto kubangua karanga, Akwi alimfundisha mchezo ambao Maggie aliudhani wa kupitisha muda. Kikundi kilipokuwa kinakuja kwa mbali, Akwi aliuliza: "Huyo anayeburuta nani? Huyo wa juu? Nani hayupo leo?" Maggie akawa hodari wa kuzitenganisha sauti. Wakati mwingine, bila kuonyesha kwamba ni swali la muhimu, mama yake aliuliza pia: "Na nyuma kabisa, nyuma ya Ariokot, kuna mtu?"

"Hakuna, mama."

"Vizuri," alisema Akwi, akaendelea kubangua.

Alikufa mwaka 1958, katika msimu wa kuuza pamba, usingizini, Elungat akiwa kando yake. Walichimba kaburi juu ya mteremko, nyuma ya zizi. Maggie alikaa chini kwenye mkeka mbele ya nyumba, mkononi ameshika kitambaa cheupe cha mama yake chenye waa la tope ambalo halikutoka kamwe. Yeye naye sasa alikuwa wa kikundi, na kanuni aliijua. Mfiwa haimbi.

Aliwasikia wakitoka kanisani. Hakujizuia kuwahesabu, alikuwa amezoeshwa. Among alikuwa mbele, mzee sasa, sauti yake imebaki uzi. Taaka alikohoa mahali pake. Wale wapya, wasichana wa juzi, walikuja kwa pamoja kama maji. Alimtafuta Ariokot, aburute mwisho wa mstari, asimpate. Alishtuka. Ariokot alikuwa mzima, alimwona asubuhi. Wimbo ulifika penye ua wa mkonge, ukakunja, ukaanza kupanda, na hapo, nyuma ya wote, Maggie akasikia mstari unaanzishwa kabla ya Among kuufikia, kwa sauti pana, nzito, ya kukalia.

Shingo yake ilitaka kugeuka. Hakuigeuza.

Wamama waliingia uani kwa mstari, vitambaa vyeupe, vikapu vya unga. Wa mwisho alikuwa Ariokot na fimbo yake, mashavu yamevimba, midomo imefumbwa, ametazama mbele. Alipita kando ya mkeka, akainama kwa shida penye mzizi wa mkonge, akatema maji. Yalikuwa mengi. Kisha akajifuta, akaja akaketi chini, bega lake likigusa bega la Maggie.

Maggie alimtazama.

"Nilitaka kusikia vizuri," alisema Ariokot.